Kabla ya Kukata Mtande

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Mtaa mzima wa Majengo hapa Mpanda wanajua, ukimgusa Mama Nassib atakuwakia kabla hujamaliza kusema. Lakini Ijumaa ile hasira zangu zilikosa pa kwenda, maana wa kumkasirikia nilikuwa mimi mwenyewe.

Siku tatu kabla yake nilikuwa natoka Inyonga kufuata nta ya nyuki. Uzi wa shanga usipoupaka nta unachakaa mapema, na ile wanayouza dukani ni mshumaa tu, upuuzi mtupu. Basi bodaboda akamkwepa ng'ombe, sisi tukaingia mtaroni, ng'ombe akaenda zake salama. Mkono wa kulia ukavunjika. Wakanifunga plasta ngumu, vidole vimechomoza kama vya mtoto aliyevaa koti la babake. Na nyumbani, kwenye fremu, mkanda wa shanga wa Raya ulikuwa umebakiza mistari kumi.

Mkanda huo niuelezee, maana ndio uliotaka kunitoa roho. Raya ni binti wa Bi Mwanaiddi, yule mwenye duka la vitenge karibu na Soko Kuu. Harusi ilikuwa Kibaoni, Jumamosi. Mwaka jana nilimfumia mkanda dada yake mkubwa. Bibi harusi akasimama ukumbini, akazungusha kiuno mara mbili tu, mkanda ukakatika kwenye bizimu, pale unapofungiwa kiunoni. Shanga zikamwagika sakafuni, shangazi mtu akateleza akakaa chini kwa kishindo, ukumbi mzima ukacheka. Jamani, aibu ile! Mwaka mzima wanawake wa mjini wakiniona wananiuliza kama nauza mikanda au mtama.

Sasa Bi Mwanaiddi akanirudia, akanipa kazi ya pili mbele za watu. Alisema hivi: "Zuhra, huu ukishika, nitakusafisha jina mwenyewe. Ukikatika, usinione." Na Bi Mwanaiddi akisema usinione, mji mzima hawakuoni.

Ijumaa saa nne asubuhi akaingia kwangu, akavua viatu, akajikalia kwenye kochi na mkoba wake mapajani. Gari la Noah la kuwapeleka Kibaoni lilikuwa linaondoka saa nane, maana hakuna anayetaka kupita kwenye hifadhi ya wanyama giza limeingia.

"Nasubiri hapa hapa," akasema. "Leo siondoki bila mkanda."

Emelyne alikuwa kwenye fremu anafuma mstari wa mwisho. Emelyne ni mama wa watoto wawili, anatoka Katumba, kwenye makazi ya Warundi, anakuja na baiskeli kila siku. Miaka minne yuko na mimi. Mpole, haongei, na vidole vyake, wallahi, shanga zinamtii.

Fremu yenyewe ni mbao nne na misumari. Nyuzi zinazotangulia, zile unazozikaza kutoka msumari hadi msumari, ndizo mtande. Huu ulikuwa na nyuzi kumi na sita. Shanga zinaingia katikati yake kwa uzi wa sindano, mstari kwa mstari. Kufuma kila mtu ataweza ukimfundisha. Kazi iko kwenye kumalizia, siku ya kukata mtande uutoe mkanda kwenye mbao. Ukikosea hapo, wiki tatu za macho zinamwagika chini.

Na kila siku ya kukata mimi nilikuwa na desturi yangu. Nikishika mkasi tu, namwambia Emelyne, "Nenda kafuate chai kwa Maiko." Mgahawa wa Maiko uko mbali kidogo, na Maiko hana haraka. Emelyne akirudi na chupa anakuta mkanda uko mezani, ncha zimeshavishwa ngozi, na mimi najipepea. Miaka minne hajawahi kuniona nikikata.

Bi Mwanaiddi akamtazama Emelyne, akanitazama mimi, akatazama plasta.

"Huyu ndiye yule?" akauliza.

Nilijua anachouliza.

"Yule nani?" akasema Emelyne taratibu.

"Si wewe uliyemalizia mkanda wa binti yangu mwaka jana, ukatuaibisha? Zuhra aliniambia mwenyewe. Alisema ni mkono wa yule mwanafunzi wake wa Katumba, siku hiyo yeye alikuwa anaumwa." Akanigeukia. "Asiuguse huu. Nataka mkono wako wewe."

Ndiyo. Nilisema hivyo. Mwaka jana, pale dukani kwake, mbele ya wateja, nimebanwa, nikamtupia mtu ambaye hakuwepo. Nikajiambia hatajua kamwe. Mtu wa Katumba na Bi Mwanaiddi watakutana wapi?

Emelyne alichomeka sindano kwenye kitambaa, akanyanyua uso, akanitazama. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya, ningemfokea. Alikuwa anangoja tu. Na mimi, Mungu anisamehe, nikageuka nikachukua mkasi.

"Sogea," nikamwambia.

Nilishika mkasi kwa mkono wa kushoto. Mkasi ni wa mkono wa kulia, ukiukamata kushoto unatafuna badala ya kukata. Jasho likaanza kunitoka mgongoni. Bi Mwanaiddi akasogea ukingoni mwa kochi.

Sasa nikwambie wewe ninachokijua, maana Bi Mwanaiddi alikuwa hajui. Sijui kumalizia. Sikuwahi kujua. Mwalimu wangu, Mama Imakulata wa Inyonga, alikuwa akifika kwenye kukata ananiambia mimi nenda kafuate chai. Akafariki mimi bado nafuata chai. Nikabuni yangu. Nafunga mafundo nyuzi mbili mbili, namwagia gundi, nakata pale pale, nafunika na ngozi. Kwa macho inapendeza. Lakini gundi ikikauka inaufanya uzi mgumu kama tambi isiyopikwa, ukiukunja unakatika. Kile kipande cha mwaka jana nilikiokota ukumbini, nikakiona mwenyewe kilivyokatika kwenye gundi. Nikakificha kwenye kopo la Blue Band, na kopo nikaliweka juu ya kabati.

Nikakata uzi wa kwanza, wa pembeni. Mkasi ukatafuna, ukashika, nikavuta kwa nguvu. Fremu ikaruka. Mstari wa mwisho ulikuwa haujafungwa bado, ukalegea, na shanga tatu za kijani zikadondoka, tik, tik, tik, zikaenda chini ya kochi.

"Zuhra!" Bi Mwanaiddi alikuwa ameshasimama.

Mstari wa pili ukaanza kuteleza. Nikaona shanga nyeupe zinasogea, na mimi nina mkasi mkono mmoja na plasta mkono wa pili, sina cha kuzuilia. Kidole gumba cha Emelyne kikaja kutoka pembeni, kikaubana ule ukingo. Kikatulia pale.

"Nimesema asiguse!" Bi Mwanaiddi akapiga kelele.

"Nikiachia, unamwagika wote mama," akasema Emelyne. Hakuachia. Bado alikuwa ananitazama mimi.

Niliona njia mbili tu. Ninyamaze, nimwage gundi yangu, mkanda utoke hapa unang'aa, kesho ukatike Kibaoni, na lawama nimtupie tena Emelyne maana si aliushika? Au niseme. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi miaka ishirini nimeuficha.

"Bi Mwanaiddi," nikasema. Sauti haikuwa yangu. "Huyu hakuwahi kukugusia mkanda wa mwanao. Nilimalizia mimi. Siku ile yeye alikuwa kwa Maiko, nilimtuma chai. Nilikudanganya."

Akakaa.

"Na huu nikiumalizia mimi, utakatika vile vile. Sijui kazi hii. Najua gundi tu."

"Njia ya mwongo fupi," akasema Bi Mwanaiddi polepole. "Mwaka mzima, Zuhra, ninamlaani binti wa watu kwenye swala zangu." Akamgeukia Emelyne. "Na wewe? Unajua?"

"Shanga za watoto wangu namalizia mwenyewe nyumbani," akajibu Emelyne. "Bibi yangu alinifundisha vikapu. Kwenye vikapu mwisho haufungwi fundo mama, unarudishwa ndani. Uzi nao ni hivyo hivyo."

"Na ulijua mimi natumia gundi?" nikamuuliza.

"Ego, mama," akaniitikia ndiyo kwa Kirundi chao. "Ilikuwa inabaki kwenye mkasi."

Miaka minne! Nilitamani mtaro wa Inyonga uje unimeze tena.

Lakini aibu haikuwa imeisha, wala hatari. Emelyne aliinama kwenye fremu, akapima nyuzi kwa vidole, uso ukabadilika.

"Mama Nassib, mtande umeufunga mfupi."

Ni kweli. Mtu wa gundi aache uzi mrefu wa nini? Niliacha vidole vinne kila upande, kwa ubahili na mazoea. Yeye alihitaji shibiri nzima, ili kila uzi upite ndani ya shanga, urudi mstari unaofuata, ndipo ukatwe. Na ule niliotafuna kwa mkasi ulikuwa na vidole viwili tu. Uzi mfupi hivyo ukiutia sindanoni, sindano haina nafasi ya kugeuka.

"Itawezekana?" akauliza Bi Mwanaiddi.

"Sijui. Ngoja."

Kwanza aliufunga ule mstari uliolegea, akarudishia shanga tatu, Bi Mwanaiddi mwenyewe akiwa amepiga magoti anazitafuta chini ya kochi. Kisha akafuma uzi mtupu bila shanga, juu chini, juu chini, kiutepe chembamba cha kuushikilia ukingo. Halafu akafanya kitu sijawahi kukiona. Sindano aliitanguliza tupu ndani ya shanga, akaisimamisha tundu likiwa limechungulia ukingoni, ndipo akaitia ule uzi wa vidole viwili, akaivuta. Uzi ukamezwa. Ukapotea kabisa ndani ya shanga.

"Eeeh!" Bi Mwanaiddi akashika mdomo.

Uzi wa tatu, wa nne. Wa saba, sindano ikakwama. Shanga iliyokwisha kupitiwa na nyuzi nyingine ni vigumu kuipitia tena, tundu limeshajaa. Emelyne akasukuma kidogo, akaacha. Akasukuma tena. Tukasikia ka! Shanga imepasuka. Ilikuwa nyeupe, ya pembeni, na uzi wake uko salama. Emelyne akafunga macho kidogo, akayafumbua, akapitishia mstari mwingine.

Mimi nikashindwa kukaa. Kutazama kulikuwa kunaniuma, kila uzi ulioingia ulikuwa unaniambia ungeweza kujifunza hiki, ungeuliza tu. Nikainuka, nikatafuta chupa.

"Nafuata chai," nikasema.

"Kaa mama," akasema Emelyne bila kuinua kichwa. "Chai ipo tu. Upande wa pili una nyuzi kumi na sita, na saa nane haitungoji. Mkono wa kushoto si unao? Niwekee sindano kwenye mwanga, nikuoneshe."

Nikakaa. Nikashika sindano kwa kushoto. Mara ya kwanza nilidondosha, ya pili nikadondosha. Akanishika kifundo cha mkono, akakiegemeza kwenye mbao. "Usiikimbize. Itafute tundu yenyewe." Uzi wa tatu upande ule niliuingiza mimi. Ukamezwa. Nikalia, sifichi hilo nalo.

Saa nane kasoro dakika kumi, Noah ikapiga honi nje. Emelyne akakata kipande cha mwisho cha uzi, akashona ngozi na bizimu, akamkabidhi Bi Mwanaiddi. Yule mama alifunga kilemba vizuri. Akaushika ncha na ncha, akauvuta. Si kuvuta kwa kujaribu, alivuta kama anakamua nguo. Nikaangalia sakafu. Nikasubiri ile tik ya kwanza.

Haikuja. Akavuta tena, meno yamebanwa. Kimya.

Akaukunja, akauweka kwenye mkoba. Mlangoni akavaa viatu vyake, akasimama.

"Kesho wakiniuliza nani kafuma, nitasema Emelyne wa Katumba."

"Sema," nikamjibu. Iliniuma, nisikudanganye. Iliniuma kuliko mkono.

"Na wa mwaka jana nitasema nani?"

"Sema mimi."

Mkanda ulishika ukumbini, naye akasema kweli. Si Kibaoni tu, na Mpanda nzima. Wiki ya pili wateja wakaanza kuja, wanapiga hodi kwangu, wanamuulizia yeye. Wengine wananipita mlangoni bila salamu, utadhani mimi ni mlinzi. Emelyne akaniambia hahami, kwake hakuna mwanga wa kutosha, na mimi mkono bado haujapona. Nikajua ni uongo, Katumba jua lipo tele. Nikaunyamazia uongo huo.

Siku hizi siku ya kukata, chai nafuata mimi. Naweka chupa kwapani upande wa plasta, naenda kwa Maiko, namfokea aongeze mwendo, narudi nusu nakimbia. Mara ya kwanza Maiko alichelewesha makusudi, nikajua nimeshakosa kuona akikata, na nikajiambia ndiyo haki yangu.

Nikaingia ndani. Nyuzi zote kumi na sita zilikuwa bado zimekazwa kwenye misumari, mkasi uko mezani, na Emelyne ameketi mikono mapajani, ananingoja.