Taa za Gari la Kaka

Mimi nina ugonjwa mmoja: ukiniambia kazi yangu ina kasoro, sisikii tena neno linalofuata. Mke wangu anaujua, wateja wangu wanaujua, na kaka yangu aliujua tangu sijaota ndevu. Siku aliyonijia hakusema macho yanamsumbua. Alisema taa za gari ni hafifu, nami nikachukua bisibisi. Leo jicho lake la kushoto halioni kitu, la kulia limebaki na kitundu cha katikati, na taa za gari zinawaka zote. Nayasema haya mwanzoni ili msije mkadhani nawasimulia habari za gari.

Kaka amenitangulia miaka kumi na miwili. Alikuwa dereva maisha yake yote, wa kuendesha wakubwa, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno machache. Siku tuliyomzika mama aliniambia nipunguze sauti, mbele ya watu, kama ananiambia nipanguse kamasi. Nikamjibu jibu ambalo mtu hamjibu mkubwa wake. Basi, ikawa ndiyo hiyo. Miaka sita hatukusemezana. Tulipishana barabarani kila mmoja anatazama ukuta wa upande wake, watu wazima na mvi zetu. Kisha Jumamosi moja asubuhi akaingiza gari uani kwangu, akazima injini, akakaa ndani bila kushuka mpaka nilipotoka mimi.

"Mdogo wangu," akasema, "taa za hili gari zimekuwa hafifu. Nimesikia wewe ndiye unayejua umeme."

Mke wangu alikuwa anaanika nguo. Akasema kwa sauti ya kusikika kwamba ndugu wakigombana, wewe chukua jembe ukalime, akaingia ndani kuweka chai.

Mimi si fundi wa magari. Ni fundi wa redio, pasi, feni na kila kinachochomekwa ukutani, na banda langu liko nyuma ya nyumba, limejaa vyombo ambavyo wenyewe wamekwisha kuvisahau. Lakini umeme ni umeme. Gari lenyewe lilikuwa la milango minne, lina umri wa miaka thelathini na ushee, kaka alilinunua siku aliyostaafu na kulifuta vumbi kila asubuhi tangu siku hiyo. Niling'oa skrubu nne, spidomita ikatoka na nyaya zake. Nyuma yake kulikuwa na balbu tano ndogo, mbili zimeungua, tatu zimeingia weusi. Nikaweka mpya, za mwanga mweupe. Tukasukuma gari bandani, nikafunga mlango ili pawe giza, nikamkalisha kwenye usukani.

"Vipi sasa?"

"Afadhali," akasema.

Afadhali. Mteja akikwambia afadhali, jua hajaridhika ila anakuonea haya. Sikulala vizuri. Jumamosi iliyofuata nilimwita mwenyewe, nikashuka kwenye taa kubwa za mbele. Vioo vyake vilikuwa vimegeuka njano, nikavisugua kwa dawa ya meno na kitambaa mpaka mkono ukafa ganzi. Nyaya za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu, nikavuta mpya nene kutoka kwenye betri moja kwa moja, na rilei yake na fyuzi yake. Nikapima. Kwenye betri mita ilisoma volti kumi na mbili nukta sita, kwenye balbu kumi na mbili nukta nne. Mita haina undugu na mtu. Nikamkalisha tena, akatazama ukuta wa banda uliokuwa unameta kama mchana, akapepesa macho.

"Afadhali," akasema. "Ila humu ndani bado kuna giza."

Basi nikaingia ndani ya gari. Kitambaa cha dari kilikuwa kimelegea na kushika rangi ya majivu, tukakibandua, tukakata kingine cheupe na kukibandika kwa gundi, yeye ameshika pembe ya kushoto na mimi ya kulia. Tukatoa viti vinne, tukavivalisha ngozi bandia ya rangi ya maziwa. Nikazungushia usukani kifuniko cheupe. Nikapitisha utepe wa taa chini ya dashibodi, mwingine chini ya viti, mwingine kuzunguka dari, kila mmoja na swichi yake. Niliweka hata taa kwenye kasha la glavu, ambamo kaka hakuwahi kutia kitu zaidi ya kitambaa cha kufutia kioo. Lile gari lilikuwa linang'aa kama duka la dawa. Kinyozi jirani yetu alikuwa akipita anauliza harusi ni lini, na bwana harusi ni yupi kati ya wazee hawa wawili.

Kaka alicheka. Nawaambia, sikuwa nimemsikia akicheka tangu mama alipokuwa hai. Katika ile kazi ya dari, mikono yetu yote iko juu na gundi inatudondokea usoni, alisema siku ile ya mazishi alikosea, hakutakiwa kunisemesha vile mbele za watu. Nikasema nami nilikosea zaidi. Hatukutazamana. Tukaendelea kubandika. Baada ya hapo akawa anakuja kila Jumamosi, saa tatu asubuhi, haulizwi, na tukimaliza tunakaa kwenye vile viti vipya, milango wazi, tunakunywa chai na kumsengenya kila ndugu tuliyenaye. Nilikuwa na furaha. Sioni haya kuisema, nilikuwa na furaha kuliko nilivyostahili.

Aliyeona kwanza ni mke wangu. Alimletea kaka kikombe, akakiweka kwenye kigoda upande wake wa kushoto. Kaka akakaa hapo nusu saa nzima, mimi nakunywa, yeye hanywi, mpaka akaaga. Chai yote ikabaki imeshika utando. Usiku huo huo mke wangu akaniambia shemeji yake haoni upande wa kushoto. Nikamjibu kwamba bandani hamna mwanga wa kutosha.

"Basi weka taa bandani," akasema, "tuone kama ataiona chai."

Nikamwambia aniachie ndugu yangu. Naye si mtu wa kuachia neno njiani. Aliniambia mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba aliyenayo akiyaficha unaweza kumsamehe, lakini anayemsaidia kuficha unamwita nani? Nikanyanyuka nikaenda kulala na hasira zangu. Nilikuwa nimekwisha kusikia neno kasoro, na mnajua tena.

Sasa nifike pale pagumu. Ilikuwa mwezi wa tatu. Nilikuwa nimetengeneza taa ya kusomea, kishingo kirefu kinachopindika, ya kufunga juu ya kiti cha abiria ili imulike mapaja ya dereva. Tulikuwa tumefunga mlango wa banda. Kaka ameketi kwenye usukani anatazama mbele, mimi nimeketi kushoto kwake, nimeishika ile taa mkononi kwa sababu bado sijajua niifunge wapi. Nikaiwasha. Ilikuwa usawa wa bega lake la kushoto, haizidi shubiri mbili kutoka sikioni. Ule upande wa uso wake wote ulikuwa mweupe kwa mwanga, niliona hadi vinyweleo vya shavuni.

"Ukiiwasha uniambie," akasema.

Nilimtazama. Hakuwa anatania. Alikuwa anasubiri, mikono iko kwenye usukani, mpole kama mtu aliyekuja kupigwa picha. Na hapo nikajua. Sikudhani, sikushuku, nilijua, kama ninavyojua redio iliyokufa kabla sijaifungua. Haikuwa balbu, haikuwa waya, hakuna kitu humo garini cha kutengeneza na hakikuwahi kuwapo. Ningemwambia: kaka, inawaka. Maneno mawili tu. Kisha tungekwenda hospitali Jumatatu.

Nikaizima.

"Bado," nikasema. "Kuna waya umelegea." Nikajifanya nafunga kitu. Nikaipeleka ile taa mbele yake kabisa, karibu na spidomita, ndipo nikaiwasha tena. "Haya, sasa."

"Eeh," akasema. "Hapo afadhali."

Msiniulize kwa nini kama vile jibu ni moja. Nilijiambia nitamwambia wiki ijayo, nikitafuta maneno mazuri. Nilijiambia yeye ni mtu mzima, macho ni yake, kama haoni si atasema? Nilijiambia mke wangu atanicheka. Lakini chini ya hayo yote palikuwa na jambo moja, nami nalijua sura yake: gari likipona, atakuja kwangu kufanya nini? Hatukuwa ndugu wa kutembeleana. Tulikuwa ndugu wa kutengeneza gari. Niliona nikimwambia ana ugonjwa, nitaanza kuishi na kaka mwingine, wa hospitalini, wa kuonewa huruma na kila mtu, na huyu wa Jumamosi ataondoka. Basi nikaendelea kumpa taa. Mwezi wa nne nilibadilisha taa za milango. Mwezi wa tano nilibandika utepe mweupe kwenye kila ukingo wa dashibodi, kwenye gia, kwenye vitasa, ili avione. Huyo ndiye mimi. Nilikuwa nalitengeneza gari liendeshwe na mtu asiyeona, na watoto wa watu wanavuka barabara.

Mungu aliwahurumia watoto wa watu. Mwezi wa nane kaka aliingia uani na kioo cha pembeni cha kushoto hakipo, na mchubuko umeanzia taa ya mbele ukaishia taa ya nyuma, rangi ya ukuta wa mtu bado imo ndani yake. Alishuka, akanisalimia, akauliza leo tunafanya nini. Hakuwa na habari. Nilipomwonyesha, alipapasa ule mchubuko kwa kiganja, taratibu, mlango wa kwanza hadi wa pili, akasema watu hawana adabu, ukiegesha gari tu wanakukwaruza.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Alikuja, akachukua funguo mkononi mwa shemeji yake, akazitia mfukoni mwa gauni lake. Akanitazama mimi. Akasema Jumatatu tutakwenda wote wawili, na kama sitampeleka mimi atampeleka yeye, na yeye akimpeleka ataeleza kila kitu. Kaka hakubisha. Alikaa kwenye kigoda akashika kichwa.

Hospitalini walimkalisha mbele ya mashine, kidevu kwenye kiegemeo chake, jicho moja limezibwa. Muuguzi akampa kitufe, akamwambia kila atakapoona kinukta cha mwanga abonyeze. Mimi niliwekwa kwenye kiti nyuma yake. Sikuviona vile vinukta, lakini kitufe kilikuwa na mlio. Kwa jicho la kulia kililia, kikanyamaza, kikalia tena. Wakahamia la kushoto. Nikasubiri mlio. Kaka alikuwa amekaa wima, kidole tayari, anajitahidi kama mwanafunzi, na mle chumbani hamkusikika kitu. Dakika nzima. Nikatamani nimbonyezee.

Daktari alikuwa mama mmoja wa makamo, hana papara. Alitandaza karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa na weusi pembeni kote na doa jeupe katikati. Nyingine ilikuwa nyeusi tu. Alisema ni presha ya macho, hula pembeni kwanza, haiumi, na ilichokula hairudishi. Atampa matone ya kutia kila siku maisha yake yote, ili kile kitundu cha jicho la kulia kisizibe. Kuendesha gari kumekwisha. La kushoto alisema asimdanganye, limekwenda.

"Lilikuwa linaokoleka," akasema. "Si miaka mingi iliyopita, nasema nusu mwaka tu nyuma, ningekuachia kitu. Nyumbani hakuna mtu aliyeona unakosa vitu upande huu? Watu wa nyumbani huona kabla ya mgonjwa."

Nilitazama ile karatasi nyeusi. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo, na neno la kwanza lilikuwa limefika kwenye ulimi.

Kaka akaniwahi. Alinyoosha mkono kunitafuta, akapapasa hewa mara mbili kabla hajalipata goti langu, akalishika.

"Ameona huyu," akamwambia daktari. "Naishi peke yangu, mke wangu alikwisha kutangulia. Huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Kila Jumamosi alikuwa ananipima na taa zake, hachoki, leo hii kesho ile, miezi na miezi. Wengine wangenicheka. Ndiye aliyenileta hapa."

Daktari akanitazama, na uso wake ukalegea. Alisema wazee wengi huja hapo wakiwa hawana mtu, na kwamba kaka yangu ana bahati. Akanyoosha mkono juu ya zile karatasi. Nikaupokea, nikamwambia asante.