Swali la Ishirini na Mbili

Gari lilikuwa limesimama. Hilo ndilo jambo la kwanza mpima ardhi aliloandika kwenye fomu ya madai ya bima, na kwa maoni yake lilitosha. Lilikuwa limesimama, injini imezimwa, breki ya mkono imevutwa, saa nne na dakika kumi asubuhi, lori la mchanga likarudi nyuma na kulikunja buti. Alipima umbali kutoka mlingoti wa taa. Alipima alama za matairi. Alipima hata kimo cha bampa la lori kutoka ardhini, mpaka dereva wa lori akamuuliza, "Mama, kwani unataka kulishonea suruali?"

Maswali kumi na manne ya mwanzo yalimchukua nusu saa. Kuanzia la kumi na tano, fomu iliachana na gari ikamgeukia yeye. Ameolewa? Kama ameachika, tangu lini, na kwa nini? Anaishi na nani? Alikuwa akitoka wapi, kwa shughuli gani, na abiria ni nani wake? La ishirini na mbili lilikuwa refu kuliko yote: je, dereva au abiria yeyote anatibiwa, au amewahi kutibiwa, maradhi ya akili? Kama ndiyo, taja jina lake, kazi yake na kliniki.

Abiria alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, dereva wa basi la shule, miaka tisa barabarani bila hata mkwaruzo. Tangu afiwe na mumewe usingizi ulikuwa umemkimbia, na shule zilipofungwa alikwenda mwenyewe kliniki, kwa miguu yake, ili zikifunguliwa asishike usukani akiwa hoi. Siku ya lori mpima, dada yake, alikuwa amekwenda kumchukua pale kliniki. Tatizo ni kwamba basi la shule lilikatiwa bima kwenye kampuni hiyo hiyo. Karatasi ikihama meza moja tu, shule ingepigiwa simu, na funguo za basi zingepewa mtu mwingine.

"Andika tu, dada," mdogo mtu alisema, wamekaa mezani, fomu katikati yao. "Gari likibaki gereji, Jumatatu utabeba vyombo vyako vya kupimia kichwani?"

"Nitabeba."

"Na ile miguu mitatu ya kusimamishia chombo?"

"Mmoja mmoja."

"Acha ukaidi. Mimi nitajijua."

"Lori limegonga buti," alisema mpima. "Halikugonga usingizi wako."

Katika daftari la kazini mpima hafuti, wala haachi nafasi tupu. Kisichopimwa hupigwa mstari mmoja, na pembeni huwekwa saini, ili kesho mtu asije akajaza uongo wake hapo. Alichukua rula. Mistari minane, saini nane.

Asubuhi yake alisimama kwenye dirisha la madai. Aliyekaa ndani walimwita Mama Fomu. Jina hilo alipewa na foleni na yeye alikuwa ameshalizoea. Alifunua kurasa kwa kidole kilicholoweshwa kwenye sponji, akafika ya tatu, akasita.

"Dada, huu umeusahau."

"Sijausahau. Nimeupiga mstari."

"Wenzako wote wanajaza."

"Wenzangu hawajauliza kwa nini. Mimi nauliza. Kuachika kwangu kunahusu nini na buti?"

"Buti nalo limeachika!" mzee mmoja nyuma alidakia, na foleni nzima ikacheka.

Mama Fomu hakucheka. Alikuwa amefika kwenye mchoro. Ulikuwa mchoro safi: barabara, mlingoti, gari, lori, mshale wa kaskazini. Na kando ya barabara, kisanduku kidogo kimeandikwa *lango*.

"Lango la nini hili?"

Hapo mpima aliliona kosa lake. Mtu mwingine angechora magari mawili akaenda zake. Yeye, miaka kumi na minane ya kazi imemfundisha kwamba kilichopo barabarani na hakipo kwenye mchoro ni uongo, kwa hiyo alikuwa amechora kila kitu. Mistari minane ya kuficha, halafu kisanduku kimoja cha kusema.

"Lango la chuma," alijibu. "Upana mita tatu na nusu."

"Barabara ile naijua." Mama Fomu aliinamia tundu la kioo, sauti akaishusha. "Lango la chuma ni moja tu pale. La ile kliniki. Aliyekwenda ni wewe, au abiria?"

"Swali hilo umelitunga sasa hivi. Halina hata namba."

"Lina namba. Ishirini na mbili."

"Basi jibu lake lipo. Ni mstari, na saini yangu."

Meneja alitoka kwenye chumba chake cha kioo, tai imelegea. "Kuna nini hapa?"

Mpima alimtazama Mama Fomu. Neno moja tu kutoka kwenye ule mdomo, na basi lingepata dereva mpya. Mama Fomu aligeuza kalamu mara mbili mezani.

"Hajajaza ukurasa wa tatu," alisema. Akaishia hapo.

"Mama," meneja alisema, "bila ukurasa wa tatu dai halipokelewi. Ndio utaratibu."

"Utaratibu nimeusoma. Kifungu cha sita cha mkataba kinanitaka nilete vitu vitano: saa, mahali, dereva, uharibifu, taarifa ya polisi. Hesabu mwenyewe, vyote hivyo hapo. Kitu cha sita hakimo." Alitoa karatasi iliyochapwa, akaipitisha chini ya kioo. "Kama unakataa, saini hapa."

Meneja alisoma kwa sauti kabla hajajizuia. "Dai hili limekataliwa kwa sababu mwenye gari lililosimama hakueleza afya wala ndoa ya..."

"Malizia, bosi," alisema yule mzee.

"Hii siwezi kuisaini."

"Kwa nini? Si ndicho ulichoniambia sasa hivi? Nafasi ya saini nimekuachia, na tarehe nimeshaweka."

Meneja alikaza tai, akailegeza tena. "Mpokelee," alimwambia Mama Fomu. "Tutaona."

"Si kuona, ni kujibu. Siku kumi na nne, kifungu cha tisa. Na karatasi yangu naomba."

Alirudishiwa. Meneja akarudi kwenye kioo chake.

Mama Fomu alivuta muhuri, akagonga ukurasa wa kwanza, wa pili, na wa tatu wenye mistari. Mchoro aliuinua, akatafuta mahali, kisha akaugonga kwa nguvu juu ya lile lango. IMEPOKELEWA. Wino mweusi, mpana, usioacha kitu kusomeka chini yake. Aligonga nakala ya mteja mahali pale pale, akaipitisha chini ya kioo.

"Abiria hajambo?" aliuliza bila kuinua macho.

"Hakuumia. Swali la tisa."

"Nimeliona."

Kwa miaka kumi na minane mpima hakuwahi kumwachia mtu achafue mchoro wake. Aliwahi kumrudishia mkuu wake wa kazi mchoro mzima kwa sababu ya tone la chai. Huu aliutazama, akaukunja mara mbili, akautia kwenye mkoba na kutoka kwenda kutafuta kamba ya kufungia ile miguu mitatu, aibebe Jumatatu.