Moshi wa Mjomba

Kalinga aliposimama kujitetea mbele ya ukoo, maneno yalimtoka moja moja, kama ng'ombe wanaosita kuingia mtoni. Alikuwa na miaka kumi na saba, lakini wazee walimsubiri kama anavyosubiriwa mtoto anayejifunza kuhesabu.

"Mnamwona?" Mjomba wake, Kasian, aliwageukia. "Bangi imemla kichwa. Siwezi kupasua mbao na kijana wa namna hii. Juzi nusura msumeno unikate mguu."

Kalinga alimkodolea macho. Ni Kasian huyuhuyu aliyemtoa darasa la sita baada ya baba yake kufariki, akampeleka kupasua mbao kwenye misitu ya Mafinga. Ni yeye aliyemsokotea msokoto wa kwanza. "Vuta, mwanangu. Uchovu utakwisha, na woga pia." Woga ulikwisha kweli. Kisha kumbukumbu nazo zikapotea, na hamu ya kucheka na wenzake, hata huzuni yenyewe. Wenzake walikua wakawa vijana wenye mipango na wachumba; yeye alibaki palepale alipoachwa, mtoto ndani ya mwili mrefu, akidhani kila mnong'ono unamsema yeye.

"Ni... wewe ulinipa," alisema hatimaye.

Kasian akaangua kicheko. "Nani atamwamini mvuta bangi?"

Wazee nao wakacheka, wakakung'uta nguo zao na kuondoka. Neno lilikuwa limekwisha: Kalinga hatarudi msituni.

Alibaki uani na mama yake, Roza, aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo.

"Mama, wewe unaniamini?"

Mikono ya Roza ilisimama.

"Nilijua," alisema kwa sauti ndogo. "Mashati yako nilikuwa nafua mimi. Harufu ile... Lakini unga na chumvi ya humu ndani alileta Kasian. Ningemwambia nini?"

Miaka yote hiyo Kalinga alikuwa akimficha mama: akitafuna majani ya mpera njiani ili kuua harufu, akijitosa mtoni katika baridi ya Juni, asije akamvunja moyo.

Alisogea, akaketi mbali kidogo naye. Jua lilikuwa bado juu. Maharage yakaanza tena kugonga ungo, taratibu, na hakuna aliyemtazama mwenzake.