Watu wa Mpira wa Baba Mdogo Alawi

Nilisema wasipakwe mafuta. Mara ya kwanza nilisema kwa sauti ndogo, maana sina nyingine, na Bibi akaitika, "Ee?" Nikarudia. Akasema tena, "Ee?" Nilipofungua mdomo mara ya tatu alikuwa ameshachovya kidole kwenye chupa ya mafuta ya nazi na kumpaka mzamiaji mgongo mzima.

"Amepauka mno," akasema. "Mtoto wa watu amekaa kama hana wenyewe."

Mzamiaji huyo hakuwa mtoto wa watu. Alikuwa sanamu ya mti yenye urefu wa shibiri moja. Kichwani alivaa kofia ya shaba yenye kidirisha cha kioo, na mwilini nguo ya mpira ya rangi ya chai ya maziwa, kama ya wale wanaokwenda chini ya maji kutafuta vitu vilivyozama. Nyumbani tulimwita Kichwa Shaba. Wenzake walikuwa watano: mtu wa zimamoto, mvuvi wa kofia ya njano, mchimba dhahabu wa buti ndefu, polisi wa pikipiki, na daktari mwenye glavu ndogo kama maganda ya njegere. Nguo zao wote zilikuwa za mpira. Mgiriki mmoja mkulima wa tumbaku kule Iringa aliwaagiza kutoka Ulaya, leo mmoja, mwakani mwingine. Alipofunga shamba na kurudi kwao alimwachia baba yangu mdogo, Alawi, kwa kuwa katika watu wote waliokwenda nyumbani kwake ni Baba Mdogo peke yake aliyewatazama bila kucheka.

Baba Mdogo ana duka Mlandege, huko huko Iringa mjini. Bati lake halina dari, na mchana ukiweka mkate mezani unarudi kuwa wa moto. Siku alipoona vidole vya daktari vinaanza kunata, aliwafunga wote kwenye sanduku la mbao akapanda nao basi hadi kwetu Mbeya.

"Huku baridi," akasema. "Huku hata watu hawazeeki."

Akanikabidhi mimi. Hakunichagua kwa akili. Shule niliacha darasa la tatu, mama alipofariki na ikawa hakuna wa kukaa na Bibi. Alinichagua kwa sababu nashinda nyumbani na sina maneno. Akanihesabia masharti kwa vidole: wakae gizani, pakavu, mbali na moto. Wasibanane, wasikunjwe mikono. Wapakwe poda kidogo, ile nyeupe ya fundi baisikeli anayonyunyizia mipira ya ndani. "Na mafuta, Siwema, mafuta hata tone hapana. Mafuta yanakula mpira kama mchwa."

"Ndiyo, Baba Mdogo."

"Duka jipya likikamilika nitakuja kuwachukua, niwaweke kwenye kabati la kioo. Nikiwakuta wazima, unakwenda nao Iringa. Nimeshasema na shangazi yako Mwamvita. Atakuweka kwenye cherehani. Bibi yako nitamtafutia mtu wa kukaa naye."

Usiku huo sikula. Shangazi Mwamvita anashona nguo za maharusi wa Iringa nzima, na hajawahi kumkubali mwanafunzi. Mimi nashona kwa mkono tangu niwe mdogo, viraka vya nyumba nzima ni vyangu, na cherehani nimeigusa mara moja tu, kwenye baraza la fundi mmoja Mhindi, akanifukuza.

Basi nikawaweka uvunguni mwa kitanda changu. Nikadhani kazi imekwisha.

Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja juu. "Sanamu? Ndani ya nyumba ninayoswalia?" Ikabidi kila adhana niwageuze wote watazame ukuta. Baadaye akaanza kuwageuza mwenyewe, na katika kuwageuza akawazoea, na katika kuwazoea akaanza kuwaonea huruma. Ndipo akaleta mafuta. Nilifuta kwa kitambaa kikavu mpaka mkono ukauma, lakini mgongo wa Kichwa Shaba ulikuwa umeshakunywa. Ulivimba kidogo, ukawa laini kama ngozi ya mtu aliyekaa kwenye maji.

Kisha Baba Mkubwa Halfani. Huyu ni kaka yao Baba Mdogo na Shangazi, na ndiye mwenye duka letu hapa Mbeya. Nilikwenda kisimani, na niliporudi sanduku lilikuwa tupu. Nikawakuta wamepangwa dirishani dukani, jua la Oktoba linawapiga usoni, na watu wamejaa nje wanawacheka.

"Baba Mkubwa, jua," nikasema.

"Jua gani? Tazama wateja!"

"Wanachungulia tu. Hawanunui."

"Leo wanachungulia, kesho watanunua. We mtoto, biashara unaijua wewe?"

Alikubali kuwatoa pale tu mzee mmoja alipoingia akauliza kama ni majini. Kufikia hapo koti la mtu wa zimamoto lilikuwa limepasuka mabegani kama udongo wa Usangu kabla ya mvua. Nililigusa, kipande kikabaki kidoleni.

Hapo nililia, na katika kulia akanikuta Esta, Msafwa wa Uyole anayetuletea viazi kila wiki. Esta ni mtu mwema sana, na mtu mwema ukimweleza shida lazima akupe dawa.

"Aa, dada, hiyo kitu rahisi," akasema akitua kikapu. "Sisi mbegu ya mahindi tunatundika juu ya moto. Moshi inapita, inapita. Mwaka mzima hakuna mdudu."

"Hawa hawaliwi na wadudu, Esta. Moto ndio adui yao."

"Si moto. Moshi."

"Moshi unatoka wapi?"

Akafikiri. "Kwenye moto," akakiri. Lakini alipokuwa anaondoka nilimsikia anamwambia Bibi uani: "Mama, mimi nimemwambia huyu mtoto, moshi ndiyo dawa. Hataki kusikia." Na Bibi, ambaye mimi nikisema mara mbili hasikii, haya aliyasikia yote.

Kwa koti la zimamoto hapakuwa na la kufanya. Kila nikifungua sanduku limepungua, mwisho likabaki kola. Nikachukua mwavuli mbovu wa Baba Mkubwa, nikakata kitambaa chake cheusi, nikamshonea koti jingine kwa mkono. Kazi hiyo ilinitesa kuliko kiraka chochote. Mkono wa koti ulikuwa mwembamba hata sindano haikupata pa kugeukia. Nikalitia pindo, nikaweka na vifungo kwa mafundo ya uzi mwekundu. Ukisimama mbali ungesema ni mpira. Ukisogea, hapana.

Wakaja watu wa lori na salamu: Baba Mdogo yuko njiani na Shangazi Mwamvita, watafika kesho mchana. Asubuhi nilifungua sanduku mapema nikawakagua. Daktari glavu moja, nyingine ilinata ikang'oka. Zimamoto koti la mwavuli. Mvuvi, mchimba dhahabu na polisi wazima, poda imewakaa vizuri. Kichwa Shaba mgongo umevimba kidogo, lakini akisimama amependeza, na wageni humwona mbele. Nikajiambia, mzima ni yule anayeweza kusimama. Nikafunga sanduku, nikamwambia Bibi kwa sauti kubwa kuliko ninayoiweza, "Bibi, hawa msiwaguse mpaka wageni waje."

"Niwaguse niwafanye nini?" akasema.

Nikaenda sokoni kutafuta mchele wa Rujewa, maana Shangazi anajulikana, mchele mwingine hali. Foleni ikawa ndefu, muuzaji ana kibaba kimoja na hadithi nyingi. Wakati narudi, nikiwa bado kwenye kona, upepo ukaniletea udi. Nikasema moyoni, vizuri, Bibi anafukiza nyumba. Nikapiga hatua nyingine. Chini ya harufu ya udi kulikuwa na harufu nyingine, ile inayotoka kwa fundi wa matairi.

Nikakimbia na mchele kichwani.

Bibi alikuwa amekaa ukumbini, ametulia, tasbihi mkononi. Mbele yake kulikuwa na chetezo chenye makaa mekundu, juu ya chetezo tenga lile analofukizia nguo za Idi, na juu ya tenga kanga yake mpya, imefunikwa vizuri moshi usitoroke. Kanga ilikuwa na vilima sita.

"Wanakwenda safari," akasema. "Kwetu mtu haendi safari bila kufukizwa. Tena yule Esta amesema moshi ni dawa yao."

Niliivuta kanga. Watatu niliowasifu asubuhi walikuwa pembeni, mbali na makaa, wamelegea tu. Daktari alipoteza glavu iliyobaki. Zimamoto, katika koti lake la mwavuli, hakuwa na hata alama. Lakini Kichwa Shaba aliwekwa katikati kwa heshima, na mpira wake ulioshiba mafuta ulikuwa umeshuka kati ya mianzi ya tenga kama ugali mwepesi. Nikamvuta. Alikuja na kofia yake ya shaba na mwili wa mti mtupu. Nguo ilibaki kwenye tenga.

"Bibi!"

"Ee?"

"Bibi, nilisema!"

"Ulisema lini?"

Nje basi likapiga honi.

Baba Mdogo Alawi aliingia akinusa. Alisalimia, akambusu Bibi mkono, akaketi, na macho yake yakaenda kwenye tenga yakabaki huko. Shangazi Mwamvita aliingia nyuma yake, mrefu, sindano mbili zimechomwa kifuani mwa gauni lake kama medali.

"Nani amefanya hivi?" akauliza Baba Mdogo taratibu.

"Mimi," akasema Bibi, amefurahi. "Nimewafukiza wote. Udi wenyewe ule wa Unguja, sijautoa tangu harusi ya Halfani."

Nilimwona Baba Mdogo akimeza neno, tena kubwa. Mtu atamwambia nini mama yake? "Umefanya vizuri, mama," akasema. "Ahsante."

Baba Mkubwa Halfani, aliyekuwa ametoka dukani kusalimia, akatazama dari. Habari ya jua la dirishani hakuitaja. Na mimi ningesema nini? Bibi ni Bibi, Baba Mkubwa ni Baba Mkubwa, Esta ameshauza viazi kaenda zake. Wakubwa wote walikuwa na heshima zao, na hasira ya Baba Mdogo ilihitaji mahali pa kukaa. Ikanikalia mimi.

"Siwema. Nilikuambia nini? Gizani, pakavu, mbali na moto."

"Ndiyo, Baba Mdogo."

"Nilisema nikiwakuta wazima."

"Ndiyo."

"Haya. Wazima wako wapi?"

Niliiona cherehani ya Shangazi inarudi Iringa bila mimi, inapungua, inapungua, kama lile koti.

Baba Mdogo akaanza kuwaokota mmoja mmoja, akiwapangusa. Alipofika kwa mtu wa zimamoto akasimama. Akamsogeza dirishani. Akasugua koti kwa kidole gumba.

"Hii nini? Huu si mpira."

"Mwavuli," nikasema.

"Nani amemvalisha mwavuli?"

"Mimi. La kwanza lilipasuka."

"Yaani hata huyu mmoja aliyebaki mzima naye si mwenyewe!" Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Mwamvita, tazama balaa hili."

Shangazi akampokea. Hakumtazama usoni. Alimgeuza, akalifunua koti ndani nje kwa kucha, akaleta mshono karibu na macho. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na tenga.

"Nani amekufundisha kushona?"

"Hakuna mtu."

"Naona." Akavuta uzi mmoja. "Umevuta mno hapa, nguo imekunjamana. Hapa hukupiga bandi ya kushikiza kwanza, ukaanza tu kama mtu anayekimbia mvua. Kwapa umelibana, mtu huyu hawezi kuinua mkono. Moto ukiwaka atauzimaje?"

"Sijui, Shangazi."

"Na mafundo haya ndiyo vifungo?"

"Ndiyo."

Akayatazama mafundo yale mekundu kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Baba Mdogo kwa hasira, kana kwamba ndiye aliyeyafunga.

"Alawi, huyu simwachi hapa."

"Mwamvita, tulikubaliana, wakiwa wazima..."

"Sanamu zako hazinihusu. Zilikuwa zinaoza tangu kwa Mgiriki, na wewe unajua. Mimi nazungumzia mshono. Watu wakisikia mtoto wa kaka yangu anashona kwapa namna hii, nitapita wapi Mlandege? Funga nguo zako, wewe. Na usinionyeshe meno, sijakusifu."

Sikujua kama nilikuwa nimeonyesha meno.

Tuliondoka siku mbili baadaye, asubuhi. Baba Mdogo alibeba sanduku mwenyewe, hakuniruhusu hata kulifunga. Kichwa Shaba alikuwa humo uchi, amezungushiwa leso. Shangazi alikuwa ameshaniambia kwamba kazi yangu ya kwanza itakuwa kumshonea nguo mpya, na kwamba nitaifumua mpaka nichoke.

Bibi alinifukizia nguo zangu za safari. Alitumia tenga lile lile, maana hana jingine, kwa hiyo nilitoka Mbeya nanukia udi na mzamiaji. Mlangoni alinishika mkono akanitia kitu kiganjani. Ilikuwa chupa ya mafuta ya nazi.

"Njiani kuna vumbi," akaninong'oneza. "Wapake kidogo kidogo."

"Hapana, Bibi."

"Ee?"

"Hapana, Bibi."

"Ee?"

"HAPANA!" nikasema, na kuku wakaruka uani, na Baba Mkubwa akatoa kichwa dukani kuona ni nani mwenye sauti hiyo.

Bibi akarudi nyuma akanitazama.

"Mbona unanipigia kelele?" akasema. "Nasikia."