Vipande Vitatu vya Shanzha

Nilikula vipande vitatu vya shanzha siku ya pili ya mavuno. Siku sita baadaye mimba yangu ya miezi minne ikatoka. Sikumwambia mtu.

Kwetu mjamzito hali shanzha. Tunda hilo dogo jekundu huyeyusha nyama uliyokula na kusukuma damu iliyoganda, kwa hiyo watu husema litamsukuma na mtoto. Lakini mavuno yakifika kila mkono unatakiwa. Nilikaa uani na kisu, nikatoa kokwa, nikakata vipande vyembamba na kuvianika mikekani. Mama mkwe wangu, aliyeitwa Mama Dehai kwa jina la mume wangu, alikaa mbele yangu akichunga mdomo wangu. Alipokwenda kuwafungulia bata, nikala. Nilikuwa na hamu ya kitu kichachu, basi.

Sasa ilikuwa siku ya kumi na mbili tangu mimba itoke. Nilikuwa juu ya kitanda cha matofali, moto ukiwaka chini yake, nimevaa soksi na kofia kama mtu aliyezaa. Maji baridi nilikatazwa hata kuyagusa. Nilingoja kulia kama mtu anavyongoja chafya, kilio hakikuja.

Mlangoni palikuwa na furushi la nguo zangu. Mama Dehai alilifunga mwenyewe.

"Mwezi wako wa kukaa ndani ukiisha, utakwenda kupumzika kwenu," aliniambia. "Dehai akirudi kutoka mjini ataamua."

Hapa kijijini mke akirudishwa kwao na furushi, hafuatwi tena. Nilijua. Nililitazama furushi kama la mtu mwingine.

Asubuhi hiyo alimleta Mzee Bian, mganga wa mitishamba, kwa sababu damu ilikuwa bado inatoka mabonge na tumbo linanikata. Mzee alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akanitazama ulimi.

"Damu chafu imebaki," alisema. "Mpe shanzha. Ikaange mpaka ngozi iwe nyeusi na ndani iwe kahawia, isifike kuwa mkaa. Kisha ichemshe na sukari guru."

"Shanzha!" Mama Dehai alicheka, cheko lisilo na furaha. "Huyu hana haja ya kufundishwa, Mzee. Alijitibu kabla hajaugua. Hebu muulize alikula ngapi."

Hakuwa ameniona nikila, alikisia tu. Nikatazama mikono yangu. Kucha zilikuwa bado nyekundu.

"Binti," Mzee akaniuliza, "ulipokuwa na mimba ulitumia dawa yoyote?"

"Dawa gani?" Mama Dehai alinijibia. "Kila kilichoingia kinywani mwake kilipitia mkononi mwangu, ila hicho alichokiiba."

Mzee alikuwa amenyoosha mkono dirishani. Pale palikuwa na maganda mawili ya nta, kama mpira mdogo uliopasuliwa nusu, ambamo Mama Dehai huweka vifungo. Akamwaga vifungo, akanusa ganda moja.

"Na hii ilikuwa nini?"

"Hiyo ni dawa ya tumbo tu. Sikukuu ya mwezi mpevu alifakamia nyama ya nguruwe kana kwamba kwao hawafugi. Akavimbiwa. Nikampa vile vidonge vikubwa vya asali, kimoja asubuhi na kimoja..."

Akalitazama ganda mkononi mwa Mzee.

Vidonge hivyo ni shanzha. Kila mwaka lori huja kuchukua magunia yetu kwenda kuvitengeneza. Lakini shanzha ikishasagwa, ikaviringwa na asali na kufungiwa ndani ya nta, inakuwa nyeusi na tamu, na hakuna anayeiita tunda tena.

"Mzee," alisema kwa sauti ndogo, "ndivyo vilivyomtoa mtoto?"

"Sijui, Mama Dehai. Nimeshika mikono ya wanawake miaka arobaini. Kwa nini mtoto hutoka, mara nyingi sijui." Akajifunga skafu. "Kaanga shanzha."

Alipoondoka, Mama Dehai alikaanga. Kikaango cha kwanza kiliungua chote. Akawamwagia bata vile vipande, wakavinusa wakaondoka. Akaanza tena, mgongo wake ukiwa kwangu.

Ningeweza kunyamaza. Lawama ilikuwa imehama, na furushi lisingetoka tena. Sikumwonea huruma, wala sikufurahi. Ila kuna kitu kilibaki, kama kokwa iliyosahauliwa ndani ya kipande.

"Mama," nikasema. "Mimi pia nilikula."

Mwiko uliendelea kuzunguka.

"Ngapi?"

"Vipande vitatu. Ulipokwenda kuwafungulia bata."

"Vibichi?"

"Vibichi."

"Vilikuwa vitamu?"

"Vichachu."

"Mwaka huu vyote vichachu," alisema. "Mvua ilizidi."

Alichemsha, akamimina kwenye bakuli, akaniwekea mikononi. Kisha akaenda mlangoni, akaliinua furushi. Nilidhani analitoa nje. Alilifungua, akatoa koti langu la pamba, akanifunika miguu. Nguo nyingine akazirudisha sandukuni moja moja, bila kuzikunja vizuri.

"Kunywa ingali moto, mwanangu."

Hakuwahi kuniita hivyo. Nikanywa. Ilikuwa chungu, ikawa tamu, mwishoni ikawa chachu. Nikangoja nihisi kitu. Nje, kupitia dirishani, niliona bata wamepanda kwenye mkeka.

"Mama, bata wako kwenye shanzha."

"Wana laana hawa!" akapiga kelele, akakimbia nje na mwiko mkononi.

Nikamaliza bakuli.