Swali la Nne kwenye Fomu

Jumanne saa tatu asubuhi, binti wa fundi cherehani alibandika tangazo kwenye mlango wa duka la dawa, jingine kwenye ukuta wa kliniki, na la tatu kwenye ngazi za jengo la ghorofa nne ambalo lifti yake iliharibika yeye akiwa darasa la tano. Tangazo lilisema: "Huna wa kuzungumza naye? Nitakuja nikae nawe saa nzima. Malipo nafuu." Alikuwa amepunguzwa kazi ya mapokezi pale kliniki. Huko ndiko alikogundua kwamba nusu ya waliokuja na maumivu ya kichwa hawakuumwa kichwa. Walitaka kuulizwa wameamkaje.

Mama yake alikuwa chumba cha mbele akishona sare za shule.

"Mwanangu, kukaa na mtu nako kunauzwa?"

"Wewe si unauza kushona, Mama? Kwani watu hawana sindano?"

"Sindano wanazo. Nafasi ndiyo hawana."

"Basi na hawa ni hivyo hivyo."

Mama alikata uzi kwa meno.

Fomu ya mteja ilikuwa na maswali manne. Jina lako. Unapokaa. Siku na saa. La nne binti alilibuni mwenyewe pale kwenye meza ya kupigia pasi: "Ungependa nani awe amekaa hapo?" Alitaka tu kujua aanzie wapi mazungumzo. Mama aliishika karatasi mbali na macho, akaisoma mara mbili.

"Hili la nne lifute."

"Kwa nini?"

"Sijui kwa nini. Lifute tu."

Kopi mia moja zilikuwa zimeshatolewa. Halikufutwa.

Mteja wa kwanza alikuwa dereva wa treni mstaafu wa ghorofa ya nne, ambaye jengo zima lilimwita Filimbi. Kwenye swali la nne aliandika: mwanangu wa kwanza. Binti alikaa kwenye kiti cha plastiki, na chai ilipoanza kupoa mabega yake yalikuwa yamepanuka, sharubu zimetoka, na kidevuni pana kovu la mtu aliyewahi kuanguka na baiskeli. Filimbi alimtazama.

"Umekonda," alisema, akamsogezea sukari.

Wakazungumza habari za breki kwa saa nzima. Akishuka ngazi, ghorofa ya pili binti alikuwa amesharudi kuwa yeye, isipokuwa sharubu. Zile zilimfikisha hadi kituo cha basi.

"Alifurahi?" Mama aliuliza jioni.

"Sana. Anataka mara tatu kwa wiki."

"Na huyo mwanawe mwenyewe yuko wapi?"

"Nyuma ya kituo cha polisi. Ndiye anayelipa."

Kufika mwezi wa tatu wateja walikuwa kumi na tisa. Kwa mpiga chapa mstaafu binti alikuwa marehemu mume, akarudi nyumbani nguo zikinuka tumbaku. Kwa bibi mmoja asiyeona alikuwa dada mtu, mgongo umepinda. Mtaani hakuna aliyeshangaa. Muuza nyama alimsalimia kwa sura yoyote aliyokuja nayo, na mlinzi wa jengo aliuliza tu, "Leo nani?" ili aandike kwenye daftari la wageni. Viatu vyake vilibadilishwa soli mara mbili. Alipoambiwa apumzike, alijibu, "Nimeshaanza. Sirudi nyuma."

Ila Mama aliona jambo. Alikuwa amempima mwanawe tangu akiwa na miaka mitatu, na vipimo vyote vilikuwa kwenye daftari moja la mistari. Sasa alitaka kumshonea gauni la siku ya kufungua ofisi, chumba kidogo nyuma ya duka la dawa. Jumatatu bega lilikuwa inchi kumi na nne na nusu. Jumatano kumi na nane. Ijumaa mgongo ulikuwa umejikunja kiasi kwamba pindo lingeburuta kwa mbele.

"Simama vizuri basi."

"Nimesimama, Mama," sauti nzito ya kiume ikajibu.

Kitambaa kilibaki mezani kimekatwa, hakijui kinamngoja nani.

Siku moja mwana halisi wa Filimbi alipanda ngazi. Mlango ulikuwa wazi. Akajiona amekaa mle ndani, anammenyea baba yake chungwa.

"Karibu kijana, unamtafuta nani?" Filimbi aliuliza.

"Hapana, mzee. Nilidhani uko peke yako. Kumbe nipo."

Akashuka ngazi mbili mbili kama mtu aliyetuliwa gunia, na jioni hiyo akalipia mwaka mzima. Watoto wa wale wengine waliposikia, nao wakalipia.

"Mwaka mzima, Mama!" binti alisema. "Ofisi inafunguliwa."

Gauni halikuwa tayari, ofisi ikafunguliwa bila gauni. Tangu hapo sura yake mwenyewe ikaacha kurudi. Kila jioni mtu fulani alibisha hodi mlangoni, akala kwa adabu, akaosha sahani yake, akasema asante sana, akaenda kulala kwenye kitanda cha binti.

Alhamisi Mama alivaa viatu vya kutokea, akaenda ofisini. Alipanga foleni nyuma ya watu wawili. Akaomba rundo la fomu, akajaza moja taratibu kwa maandishi ya darasani, na kwenye swali la nne akaandika: binti yangu. Pale kaunta binti, siku hiyo akiwa mjomba wa mtu, aliisoma, akaigonga muhuri.

"Jumamosi saa nne, mama. Tafadhali uwepo nyumbani."

Jumamosi saa nne hodi ilipigwa. Mgeni alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani. Maji yalipochemka ulikuja mwanya wa meno ya mbele, kisha sikio la kushoto, lile lililokunjika tangu kuzaliwa.

"Mama."

"Naam."

Mama hakupoteza dakika. Akavua utepe wa kupimia shingoni. Inchi kumi na nne na nusu, kama daftari lilivyosema. Alikanyaga cherehani huku wakimcheka muuza nyama na mizani yake.

"Lile swali ulifute, mwanangu."

"Nikilifuta, watu kumi na tisa watabaki na viti vitupu."

"Na mimi?"

"Wewe una Jumamosi, Mama."

Saa tano kasoro dakika tano gauni lilikamilika. Binti alilivaa, likamkaa sawasawa. Kisha saa ikagonga, akasimama, akampa mama yake mkono.

"Muda wetu umeisha."

Alipofika getini mabega yalishaanza kupanuka kwa ajili ya Filimbi. Mshono wa mgongoni ukaachia, halafu wa kwapa. Hakugeuka, maana alikuwa na ngazi za ghorofa nne mbele yake.

Mama aliingia ndani. Aliandika vipimo na tarehe kwenye daftari. Akatoa rundo la fomu alizokuwa ameomba ofisini, akajaza Jumamosi zote mpaka mwisho wa mwaka. Kisha akatandaza kitambaa kingine, akashika mkasi, na safari hii akaacha inchi nne za akiba kila upande.