Mtu wa Kati

Nyamizi alimshusha mwanawe kwenye baiskeli mbele ya duka la dawa, akamfuta vumbi usoni kwa upindo wa kanga, kisha akabisha hodi kwa mwanamke ambaye hakuwahi kumwona. Ndivyo hakimu alivyoamuru. Kesi ikiwa inaendelea, Kabula asikae kwa mama yake kijijini Sapiwi wala kwa baba yake mjini Bariadi. Akae kwa mtu wa kati, ambaye angemwangalia, awatembelee wazazi wote wawili, kisha aje aieleze mahakama ni wapi mtoto angelelewa vizuri.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya afisa ustawi wa jamii. Lakini afisa alikuwa amepunguzwa kazini pamoja na wengine wengi serikali ilipopunguza watumishi, na kiti chake kilikuwa bado kitupu. Hakimu Januarius akamteua Wilhelmina, mjane aliyeheshimika kanisani, ambaye naye alikuwa muuguzi kabla ya kupunguzwa. Kwa kiinua mgongo chake alikuwa amefungua duka la dawa baridi. Mtoto hakuwa naye.

"Mwadila, mayu," Nyamizi alisalimia kwa Kisukuma, akimwita mama kwa heshima.

"Mwadila, ng'wanone. Karibuni ndani. Huyu ndiye Kabula? Njoo, mjukuu wangu, usiogope. Hapa utakula, utasoma, na mama yako atakuja kukuona kila atakapo."

Nyamizi alirudi Sapiwi akiwa na huzuni, lakini si huzuni aliyoitegemea. Alikuwa amejiandaa kukuta mtu wa ofisini, mwenye maneno ya ofisini. Akakuta mama.

Kesi yenyewe ilianza na pamba. Malimi, mumewe, alikuwa mkulima kama wengine mpaka soko lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini. Kampuni moja kutoka Mwanza ikamfanya wakala wake. Akapata mizani, akapata pikipiki, akapata nyumba ya kupanga mjini, na ndani ya nyumba hiyo akaweka mwanamke mwingine. Nyamizi alipohoji, akarudishwa kwa mama yake huko Sapiwi, mwaka ule wa mvua za elinino, yeye na mtoto. Ndoa ilivunjwa bila ubishi mkubwa. Ubishi ulikuja kwa Kabula.

"Nilitoa ng'ombe wa mahari," Malimi aliwaambia wazee wa baraza, wale wanaokaa na hakimu. "Ng'ombe walikwenda kwao wote, hakuna hata mmoja aliyebaki njiani. Mtoto ni wangu."

Wazee walitikisa vichwa kukubali. Ni hakimu tu aliyesema kwamba sheria inatazama kwanza faida ya mtoto, na kwamba kabla ya kuamua anataka macho ya mtu asiye na upande.

Kila siku ya mnada Nyamizi alikwenda Bariadi. Alibeba michembe ya viazi vilivyokaushwa na karanga, na mara nyingine maziwa ya mgando aliyofungiwa na mama yake, Milembe. Wilhelmina alimpokea kama ndugu. Walikaa uani nyuma ya duka, wakichambua karanga, Kabula akicheza na watoto wa jirani. Wilhelmina hakuuliza maswali mengi. Alisikiliza, na pale Nyamizi aliponyamaza, alisimulia yake: namna alivyozalisha wanawake wengi wa wilaya ile, huku watoto wake mwenyewe watatu wakizaliwa bila kulia.

"Nilikuwa nawafunga vizuri kwenye shuka," alisema, "kama nilivyowafunga wa wenzangu."

Nyamizi aliacha karanga. Hakuna mtu aliyewahi kumwamini kwa neno zito hivyo. Akaona ni aibu yeye kubaki amejifunga.

"Mayu, kuna jambo sijamwambia hata mama yangu."

"Sema, mwanangu."

"Wiki ile niliporudishwa nyumbani, mto Simiyu ulikuwa umejaa. Nilimbeba Kabula mgongoni, na mtoto mwenyewe ameshakuwa mkubwa. Nikaenda mpaka kwenye maji. Sikuwa navuka kwenda popote. Nilikuwa nimeamua tuondoke wote wawili." Alichukua karanga moja, akairudisha. "Akaniuliza, 'Mama, tunavukaje?' Nikaishiwa nguvu. Nikamwambia maji ni mengi, tunarudi. Mpaka leo anadhani tulishindwa kuvuka."

Wilhelmina alimshika mkono.

"Ulirudi," alisema. "Hilo ndilo la kukumbuka. Mengine yaache hapa hapa uani."

Siku hiyo Nyamizi alipanda baiskeli akijihisi mwepesi. Njia nzima ya Sapiwi alikuwa akiimba polepole, jambo ambalo hakulifanya tangu ndoa yake iingie ufa.

Mabadiliko yalikuja taratibu hata akashindwa kuyaita kwa jina. Kwanza Kabula alinunuliwa viatu vyeusi vya shule, na Nyamizi akashukuru. Kisha akamsikia akimwita Wilhelmina "mama," si "bibi" kama mwanzo. Akajiambia ni lugha ya watoto tu. Kisha siku moja Wilhelmina akamwambia ingekuwa vema asije kila mnada, kwa sababu mtoto hulia akiondoka na usiku halali.

"Ni kwa faida yake," alisema.

"Wewe ndiye unayemwona kila siku, mayu," Nyamizi alijibu, akapunguza safari. Alidhani kwamba kumtii ndiko kumsaidia.

Siku ya kutoa taarifa, mahakama ilijaa. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba na watu wengi walikuwa mjini. Nyamizi alikaa benchi la mbele pamoja na mama yake. Malimi alikaa upande wa pili, kofia ya kampuni mapajani. Wilhelmina alikula kiapo huku ameshika Biblia, akaanza kuzungumza kwa sauti ile ile tulivu ya uani.

Alianza na Malimi. Alisema baba anampenda mtoto, lakini hayupo nyumbani. Anazunguka vijijini na mizani msimu mzima. Alisema mwanamke aliye ndani hakuwa tayari kulea mtoto wa mwenzake, na alimtamkia hivyo waziwazi. Malimi aliinamisha kichwa. Nyamizi alihisi moyo unapanda. Alijua zamu yake imefika, na alimtazama Wilhelmina kama mtu anavyomtazama aliyemshikia mlango.

"Kuhusu mama," Wilhelmina alisema, bila kugeuza uso, "ni mchapakazi, na mtoto anampenda. Lakini nina wajibu wa kuieleza mahakama jambo aliloniambia kwa kinywa chake mwenyewe."

Akalisema. Mto, maji, mgongo, swali la mtoto. Hakuongeza neno na hakupunguza. Ndiyo sababu Nyamizi hakuweza hata kukana. Kila neno lilikuwa lake. Alilisikia likitoka katika kinywa kingine, mbele ya wanaume waliokuja mjini kuuza pamba, na likawa jambo jingine kabisa. Kwenye benchi, Milembe alimgeukia mwanawe, akamtazama kama anayemtafuta mtu mwingine pale alipokaa.

Malimi alisimama. "Kabula wangu?" aliuliza, na karani akamwamuru akae.

Hakimu alimuuliza Wilhelmina anapendekeza nini.

"Ninaomba mtoto abaki kwangu. Amezoea, anasoma vizuri. Niko tayari kumlea kama wangu."

Hakimu akamwita Kabula ofisini kwake, akazungumza naye peke yake. Alipotoka alisema mtoto amechagua kubaki kwa Wilhelmina, na mahakama inaamuru hivyo mpaka itakapoonekana vinginevyo.

Nyamizi alimkuta Wilhelmina nje, kwenye kivuli cha ukuta, akimfunga Kabula kamba za viatu. Mtoto alipomwona mama yake alijificha nyuma ya gauni la yule mwanamke.

"Nilikula kiapo, Nyamizi," Wilhelmina alisema kabla hajaulizwa. "Ningenyamaza, na siku moja likatokea la kutokea, ningemjibu nini Mungu?"

"Kiapo kilikutaka useme," Nyamizi alisema. Sauti yake haikupanda. "Sawa. Umesema. Je, kilikutaka pia umchukue?"

Wilhelmina alimshika mtoto mkono wakaondoka.

Walipofika kwenye mashamba yao ya Sapiwi, Milembe alisimama. "Ungeniambia mimi. Nilikuwa chumba cha pili. Ukaenda kumwambia mtu wa dukani."

Nyamizi alilia pale pale kati ya mabua ya pamba iliyokwishavunwa, na mama yake akakaa naye chini, ingawa bado alikuwa na hasira.

Haikupita muda mrefu Malimi akaja Sapiwi kwa pikipiki. Nyamizi alimsubiri mlangoni akiwa tayari kwa matusi au kipigo. Malimi hakuzima hata injini mwanzoni. Kisha akazima.

"Ule mto," alisema. "Ni kwa sababu yangu?"

"Ni kwa sababu yangu mwenyewe. Lakini wewe ndiye uliyenirudisha."

Alikaa kwenye pikipiki akichezea funguo. "Mimi nimetoa ng'ombe, wewe umezaa, na mtoto yuko kwa mtu baki. Huko kijiweni wananicheka. Tukate rufaa."

Haikuwa sababu nzuri, na Nyamizi alilijua hilo. Hata hivyo alifunga kanga yake vizuri akamwambia wataenda pamoja. Ajabu ya mambo ni kwamba yule mwanamume aliyemwonea hakuwa amemficha kitu. Alimfukuza mchana, mbele ya watu. Wilhelmina alikuwa amemkaribisha.

Rufaa ilisikilizwa mahakama ya wilaya mvua za kwanza zilipoanza. Hakimu wa huko alimuuliza Nyamizi habari za mto, naye akajibu yote akiwa amesimama wima. Akamuuliza kama fikra hizo zimewahi kurudi. Akasema hapana. Milembe akaomba kusema, akasema tangu siku ya hukumu ya kwanza binti yake analala chumbani kwake, na mtoto akirudi watalala wote watatu. Kisha hakimu akamgeukia Wilhelmina.

"Mama, ulichokisema kuhusu mto ulipaswa kukisema. Lakini uliwekwa uwe jicho la mahakama. Ulipoanza kumtaka mtoto mwenyewe, jicho lile liliacha kuona. Ulipaswa kuja kutuambia siku hiyo hiyo, tukamteua mwingine."

Akaamuru Kabula arudi kwa mama yake, na baba awe na haki ya kumwona.

Walipokwenda kumchukua, Wilhelmina alikuwa amefunga nguo za mtoto kwenye mfuko, zimekunjwa vizuri. Macho yake yalikuwa mekundu. Alitaka kusema kitu, Nyamizi akapokea mfuko akageuka. Kabula alifuata akiburuza miguu. Hakulia. Alikataa kubebwa kwenye baiskeli, na walipotoka nje ya mji alikuwa bado anatembea upande wa pili wa barabara.

"Kabula, utachoka. Njoo nikupakie."

Mtoto alisimama. "Ni kweli ulitaka kunitupa mtoni?"

Nyamizi alilaza baiskeli chini. "Nani amekuambia?"

"Mama Wilhelmina. Siku ile ya kwenda kwa hakimu. Alisema nisiogope, nichague pasipo na hatari."

Nyamizi alikuwa amedhani yote aliyoporwa alikwishayajua. Sasa akaelewa kile kilichomfanya mtoto ajifiche nyuma ya gauni. Alitamani kusema ni uongo. Neno lilifika mpaka mdomoni.

"Ni kweli," alisema. "Moyo wangu ulikuwa umekata tamaa, nikataka tufe wote. Sikutaka kukutupa. Uliniuliza tunavukaje, nikarudi. Sitafanya hivyo tena kamwe. Kama unaniogopa, tembea upande huo huo, mimi nitakusubiri."

Kabula alitembea upande ule ule mpaka nyumbani.

Usiku alilala kwa bibi yake, ukutani, mbali na mama. Ilikuwa hivyo msimu mzima wa kupanda, ukaja wa palizi. Malimi alikuja mara mbili na sukari, mara ya tatu hakuja. Asubuhi moja ya palizi, bila kusema kitu, Kabula alichukua jembe dogo akashika mstari ulio jirani na wa mama yake. Nyamizi aliendelea kulima bila kugeuka, akiogopa kumshtua.

Mwaka uliofuata walikutana na Wilhelmina mnadani Bariadi. Alikuwa amekonda. "Mwangaluka," alisalimia, akimtazama Nyamizi, kisha mtoto.

Nyamizi hakuitikia. Kwao, kumnyima mtu salamu ni jambo zito, na wauza nyanya waliokuwa karibu waligeuka kutazama. Lakini Kabula alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Nyamizi alisimama na kapu lake mpaka walipomaliza kusalimiana. Hakumvuta mtoto mkono, na njiani hakumuuliza kitu.